Nimenyimwa mkopo wa nyumba Ohio, mwenzangu Mzungu kapewa: ni rangi au ni hesabu?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ni mama wa watoto wawili, naishi Columbus, Ohio, nina grinikadi, na kazi yangu ni uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Niliomba mkopo wa nyumba wa dola 235,000 nikakataliwa. Barua ya benki ina mistari michache tu: madeni yangu ni makubwa kwa kipato changu. Mwenzangu kazini, Mzungu, cheo chetu kimoja na saa zetu hazipishani sana, kapata mkopo benki hiyo hiyo mwezi huo huo. Wenzetu wa huku wananiambia ni rangi tu, niachane nao. Nitajuaje ukweli, na nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, kwa barua hiyo peke yake hakuna anayeweza kukuapia kwamba ni rangi au si rangi. Ila wanaokuambia uachane nao ndio waliokosea zaidi, kwa sababu sheria imekupa haki ya kuifungua hesabu iliyokunyima mkopo, na haki hiyo ina muda wake. Siku 60 tangu upate barua zisikupite bure.

Wanaosema ni rangi hawaoti ndoto. Mwaka 2022, kati ya walioomba mikopo ya kawaida ya kununulia nyumba (isiyo na bima wala dhamana ya serikali), waliokataliwa walikuwa asilimia 16.4 ya Weusi na asilimia 6.7 ya Wazungu wasio Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini). Takwimu hizo hutoka kwa wakopeshaji wenyewe. Sheria ya 1975 ijulikanayo kama HMDA inawalazimisha wengi wao kutoa kila mwaka orodha ya maombi waliyopokea, pamoja na rangi ya mwombaji na uamuzi uliotolewa. Lakini takwimu ghafi hazilinganishi watu wa hali moja. Kianzio (fedha anayotanguliza mnunuzi mwenyewe) hutofautiana, na madeni, na alama za mkopo (namba inayopima mtu anavyolipa madeni yake). Tofauti hizo nazo zina historia yake: katika miaka ya 1930 shirika la serikali la HOLC lilichora ramani za miji na kuipaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi, na bima ya mikopo ya FHA, shirika jingine la serikali, iliyoanza 1934 ikaikwepa mitaa hiyo kwa miongo mitatu. Mzungu mwenye umri wako ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mzazi mwenye nyumba anayeweza kumsaidia kianzio.

Kwa hiyo swali lako hasa ni hili: watu wawili wakiwa sawa kwenye karatasi, bado kuna pengo? Watafiti wa Benki Kuu ya Marekani, tawi la Boston, walilichunguza kwa maombi ya mwaka 1990. Kabla ya kulinganisha chochote, Weusi na Walatino waliokataliwa walikuwa asilimia 28, Wazungu asilimia 10. Walipoingiza madeni, historia ya mikopo, kianzio na mambo mengine mengi, pengo lilipungua sana, lakini halikuisha. Kilichonivutia zaidi katika utafiti ule ni mahali pengo lilipojificha. Mwombaji asiye na doa lolote alipata mkopo, awe Mweusi au Mzungu. Lakini waombaji wengi wana doa dogo hapa na pale, na hapo Mzungu alipewa nafasi kubwa zaidi ya kujieleza na kurekebisha kuliko mwenziwe. Uchunguzi wa baadaye wa wachumi wa Benki Kuu, wakitumia maombi ya 2018 na 2019 yenye alama za mkopo na majibu ya mifumo ya kompyuta inayopima maombi, ulikuta sehemu kubwa ya pengo inaelezwa na hali ya fedha ya waombaji, na yakabaki takriban pointi mbili za asilimia zisizoelezeka. Kuna wanaoziita ndogo. Katika waombaji laki moja, hao ni watu elfu mbili.

Ndiyo maana nakushauri usianze kwa kutafuta mtu aliyekuchukia. Tafuta doa lako ni lipi, kisha uliza nani alipaswa kukupigia simu akuambie lete barua fulani, na kama aliipiga.

Wewe umeambiwa madeni kwa kipato. Uwiano huu ni malipo yote ya kila mwezi yaliyo kwenye ripoti yako ya mikopo, ukijumlisha malipo kamili ya nyumba unayotaka kununua, halafu ugawe kwa kipato cha mwezi kabla ya kodi. Kipato kinachokubalika ndicho kinachouma. Tuchukue mfano unaokaribia hali yako. Mkopo wa 235,000 kwa riba ya asilimia 6.75 kwa miaka 30 ni kama dola 1,524 kwa mwezi. Ongeza kodi ya nyumba 380, bima ya nyumba 110, na bima ya mkopo 100 kwa kuwa kianzio hakikufika asilimia 20: inakuwa 2,114. Gari 480, kadi za mkopo 90, deni la shule 130, jumla 700. Yote pamoja ni 2,814. Sasa mshahara wako wa msingi tuseme ni 4,900, na ovataimu kwa wastani 1,100. Ukihesabiwa vyote, 2,814 kwa 6,000 ni asilimia 46.9. Ovataimu ikiachwa, 2,814 kwa 4,900 ni asilimia 57.4. Kwa mikopo ya kawaida inayopitia mfumo wa Fannie Mae (kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji), ukomo ni asilimia 50. Mtu yule yule, mwezi ule ule, anapita au anaanguka kwa swali moja tu: ovataimu ihesabiwe au isihesabiwe?

Na swali hilo lina nafasi ya mtu kuamua. Kanuni za Fannie Mae zinapendekeza historia ya miaka miwili ya ovataimu, lakini miezi 12 inaweza kukubaliwa kukiwa na sababu nzuri. Ikiwa inashuka mwaka hadi mwaka, mara nyingi hutupwa nje. Kuna fomu ya kuthibitisha ajira, namba 1005, ambayo benki humtumia mwajiri. Humo mshahara wa msingi na ovataimu huandikwa mbalimbali, kwa mwaka huu na kwa miaka miwili iliyopita, na kuna swali dogo: je, ovataimu inatazamiwa kuendelea? Ofisi nyingi za utumishi huliacha tupu, au huandika jumla moja bila kutenganisha. Mchambuzi wa mikopo akiiona tupu ana njia mbili: kuipigia simu ofisi hiyo, au kuhesabu msingi peke yake na kukuandikia barua ya kukukatalia. Zote mbili ni halali. Haramu inaingia pale anapompigia simu mwajiri kwa ajili ya mwenzako na kwa ajili yako hapigi, na sababu ikawa rangi au nchi uliyotoka.

Basi hatua ya kwanza ni kuandika barua kwa benki. Sheria ya fursa sawa ya mikopo, ECOA ya 1974, inamtaka mkopeshaji akujulishe uamuzi ndani ya siku 30 tangu ombi lako kukamilika, na akupe sababu mahususi, au akuambie kwamba una siku 60 za kuziomba. Ukiomba, naye ana siku 30 za kukujibu. Sababu kama “sera zetu za ndani” au “hukufikisha alama zetu” hazitoshi kisheria. “Madeni makubwa kwa kipato” inatosha, ila haikusaidii, kwa hiyo waulize kwa unyoofu mambo manne: ni kipato gani cha mwezi mlichotumia, kwa mgawanyo wa msingi na ovataimu, ni madeni gani mliyoyahesabu, moja moja, uwiano wa mwisho ulikuwa asilimia ngapi, na ombi lilipita katika mfumo gani wa kompyuta, na ulijibu nini. Hawalazimiki kukupa kila karatasi, lakini mwombaji anayeuliza hivi hushughulikiwa tofauti. Tuma kwa barua pepe, si kwa simu, na uhifadhi nakala. Barua ya kukataliwa iliyotokana na ripoti ya mikopo lazima itaje pia kampuni iliyotoa ripoti hiyo na alama zako, nawe una haki ya kuipata ripoti bure ndani ya siku 60.

Ripoti yenyewe isome mstari kwa mstari. Majina yetu yanatuponza mno: jina la baba limegeuzwa kuwa la ukoo, la katikati limerukwa, na kampuni imefungua mafaili mawili ya mtu mmoja, au imekuchanganya na mwenye jina kama lako. Ukikuta kosa, lipinge kwa Equifax, Experian au TransUnion, yoyote inayohusika. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Angalia pia kama uliwahi kumdhamini binamu au shemeji kwa mkopo wa gari. Deni hilo lote linahesabiwa lako hata kama gari lenyewe hujawahi kulipanda. Litaondolewa tu ukionyesha kwa taarifa za benki kwamba yeye mwenyewe amelipa miezi 12 mfululizo bila kuchelewa.

Kuhusu mwenzako kazini: msilinganishe mishahara tu. Kama mnaaminiana, muulize aina ya mkopo aliopata (wa kawaida, wa FHA, au mpango maalumu wa benki yenyewe), kianzio chake, alama zake, kama mume au mke wake ameingia kwenye ombi, ana miaka mingapi ya ovataimu, na ana gari la mkopo au hana. Mara nyingi jibu hupatikana hapo na halihusiani na rangi: mke wake naye ana mshahara, au gari alishalimaliza. Lakini ukikuta mnalingana karibu kila kitu, muulize swali moja zaidi: walimwomba nyaraka za ziada mara ngapi, na walimpa muda gani? Kama yeye alipigiwa simu mara tatu na wewe hukupigiwa hata moja, hiyo ndiyo tofauti ya kuandika kwenye malalamiko. Andika tarehe, majina ya maafisa na maneno waliyotumia, wakati bado unakumbuka.

Unaweza pia kuwaangalia kwa jumla. Takwimu za HMDA ziko wazi mtandaoni, unachagua benki na kaunti (yako ni Franklin) na kuona maombi na maamuzi kwa rangi. Alama za mkopo hazimo katika takwimu zinazotolewa kwa umma, kwa hiyo hizo ni dalili na si ushahidi. Ikiwa benki yenye matawi mji mzima imepokea maombi machache mno kutoka mitaa ya Weusi, hilo ni jambo jingine kabisa: ni kukwepa mitaa. Kwa shtaka la aina hiyo, City National Bank ya Los Angeles ilikubali mwaka 2023 kutoa zaidi ya dola milioni 31 kulimaliza. Na Wells Fargo, mwaka 2012, ilikubali kulipa dola milioni 175 kwa madai kwamba Weusi na Walatino walitozwa zaidi au kusukumwa kwenye mikopo mibaya ingawa walistahili mizuri. Nakumbusha hili kwa sababu ubaguzi si kukataliwa tu. Wapo waliopewa, wakapewa kwa bei mbaya.

Kidokezo cha pembeni: ukurasa wa fomu unaouliza rangi na asili, ujaze. Wengi wetu tunauacha tukidhani ndio unaotuponza. Ukiuacha huku ombi limefanywa ana kwa ana, afisa anatakiwa akujazie kwa kukutazama na kwa jina lako la ukoo. Mitandaoni ukiuacha, ombi lako linapotea kwenye takwimu na benki haionekani imekufanyia nini. Kasoro ni kwamba fomu inawagawa Waasia na Walatino kwa nchi zao, ila sisi tumewekwa kapu moja na Wamarekani Weusi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Wakenya au Wakongo wanakataliwa kiasi gani.

Tuseme majibu ya benki yameonyesha ovataimu haikuhesabiwa. Nenda ofisi ya utumishi, waombe barua yenye ovataimu ya kila mwaka kwa miaka miwili na sentensi moja kwamba inatazamiwa kuendelea. Ambatisha W-2 mbili (fomu ya mwaka ya mshahara na kodi) na hati ya mwisho ya mshahara ya kila mwaka, inayoonyesha jumla ya ovataimu. Iombe benki ilipitie upya ombi. Wakikataa, chukua karatasi hizo hizo kwa wakopeshaji wengine wawili au watatu, ndani ya siku 14, ili kuchunguzwa kwako mara kadhaa kuhesabike kama mara moja kwenye alama zako. Kila mmoja anatakiwa akupe fomu ya Loan Estimate (makadirio ya gharama za mkopo) ndani ya siku tatu za kazi baada ya kupokea jina lako, kipato, namba ya Social Security, anwani ya nyumba, thamani yake na kiasi unachoomba. Ziombe siku moja, kwa sababu riba hubadilika kila siku. Linganisha gharama za mkopeshaji kwenye sehemu A ya ukurasa wa pili, na kwenye ukurasa wa tatu uangalie utakuwa umelipa kiasi gani baada ya miaka mitano.

Hesabu yenyewe pia inaweza kusukumwa. Mkopo wa gari uliobakiza malipo kumi au pungufu kwa kawaida hauhesabiwi katika mikopo ya kawaida (gari la kukodi kwa mkataba huhesabiwa daima). Kwa hiyo kama gari limebakiza malipo 14, kulipa manne mapema kunaondoa ile 480 yote: 2,334 kwa 4,900 ni asilimia 47.6, yaani unapita hata bila ovataimu. Watu huweka dola elfu mbili kwenye kianzio wakati zingefanya kazi kubwa zaidi hapo. Mkopo wa FHA nao unakubali alama kuanzia 580 kwa kianzio cha asilimia 3.5, na huvumilia madeni zaidi, ila bima yake ni ghali. Wewe mwenye grinikadi unaruhusiwa. Wakazi wasio wa kudumu walifungiwa mlango huo tangu Mei 2025, na wapo maafisa wanaowachanganya wa makundi haya mawili, basi kadi yako uitoe mapema.

Fedha za upatu zinahitaji tahadhari. Kwa mkopo wa kawaida wa kununulia nyumba, amana moja inayozidi nusu ya kipato chako cha mwezi lazima ielezwe ilikotoka. Ukipokea zamu yako ya dola 10,000 wiki mbili kabla ya kuomba, mchambuzi ataiona kama deni lililofichwa, na daftari la kikundi halimwambii kitu. Michango ipite benki, si taslimu, na zamu iingie kwenye akaunti zaidi ya miezi miwili kabla ya ombi, ili isiwemo katika taarifa watakazodai.

Uthamini wa nyumba hauhusiki na barua yako, ila utakutana nao. Freddie Mac, kampuni ya aina ya Fannie Mae, ilichapisha mwaka 2021 kwamba katika mitaa yenye Weusi wengi asilimia 12.5 ya nyumba zilithaminiwa chini ya bei iliyokubaliwa, na katika mitaa ya Wazungu asilimia 7.4. Una haki ya nakala ya ripoti ya mthamini hata ukikataliwa. Ukiona kapima vyumba vibaya au kachukua nyumba za kulinganishia za mtaa wa mbali, omba thamani ipitiwe upya, na upeleke nyumba zilizouzwa karibuni zinazofanana zaidi na yako.

Kuwa macho na watakaokukimbilia baada ya kukataliwa. Yupo atakayekuuzia nyumba kwa malipo ya kila mwezi bila benki, hati ikabaki kwake mpaka umalize. Familia nyingi za Weusi wa Chicago zilinunua hivyo miaka ya 1950 na 1960, zikikosa mwezi mmoja zikapoteza nyumba na vyote vilivyokwisha lipwa. Huko Minnesota Wasomali wengi wameuziwa kwa njia hiyo hiyo katika miaka ya karibuni, wakivutwa na ahadi kwamba haina riba. Na afisa wa benki akikushauri kwa upole “uondoe ombi” badala ya kusubiri uamuzi, kataa: ombi lililoondolewa na mwenyewe halina barua ya sababu wala siku 60.

Ukiwa na tofauti zinazoonekana kati yako na mwenzako, peleka malalamiko HUD (wizara ya nyumba ya Marekani), simu 1-800-669-9777, ndani ya mwaka mmoja tangu ukataliwe. Ni bure na huhitaji wakili. Kamisheni ya Haki za Kiraia ya Ohio nayo hupokea. Sisisitizi jimbo bure: Aprili 2025 Rais Trump alitia saini amri inayoziagiza idara za serikali kuu ziache kadiri iwezekanavyo kesi zinazotegemea matokeo ya sera tu, pasipo nia ya kubagua. Kesi ya kutendewa tofauti na mtu wa hali sawa na yako haikuguswa na amri hiyo, na ndiyo uliyo nayo wewe kama unayo. Mahakamani una miaka miwili chini ya sheria ya makazi ya 1968 na mitano chini ya ECOA. Benki hairuhusiwi kukuadhibu kwa kulalamika. Na kabla ya hayo yote, piga 800-569-4287 upate mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, umpelekee barua ya benki na hesabu yako, muandike naye yale maswali manne wiki hii.